Nguzo Ikisogezwa Mita Moja na Kitu

“Mzee, nguzo ikisogea mita moja na kitu tu, boriti ileile si itatosha?” Kijana wa karakana aliniuliza hivyo juzi huku akisafisha randa, nami nikakumbuka ile nyumba ya sakafu ya mbao. Ni ile ambayo mwenyewe hakutaka kuiona nguzo katikati ya chumba.

Boriti ya zamani ilikuwa ya milimita 150 kwa 200, vipande viwili vya mita 2.4 vilivyokutana juu ya nguzo. Mwenye nyumba alitaka nguzo isogee mita 1.2, upande mmoja uwe mita 3.6 na mwingine 1.2. Kuhusu nguzo alikuwa sahihi, na nilimwambia. Nguzo hubeba nusu ya kila upande, na nusu hizo mbili zikijumlishwa zinabaki mita 2.4 vilevile. Tulihesabu kilo 250 kwa kila mita ya mraba, yaani watu, samani na sakafu yenyewe, kwa upana wa mita 3. Hiyo ni kilo 750 kwa kila mita ya boriti, na kilo 1,800 juu ya nguzo, kabla na baada.

Boriti ndiyo iliyobadilikiwa. Nguvu ya kuipinda hukua kwa mraba wa pengo, yaani urefu kati ya tegemeo mbili, hivyo ilipanda mara 2.25. Kubonyea hukua kwa kipeo cha nne, zaidi ya mara 5. Mbao ileile ingetoka milimita 4.5 hadi karibu 23, nasi kikomo chetu kilikuwa pengo kugawanywa kwa 360, yaani milimita 10.

“Basi ongeza nyingine kama hiyo ubavuni,” mwenye nyumba akasema. Alikuwa anakihurumia kichwa chake, kwa maana dari ilikuwa chini tayari. Lakini ukiongeza upana mara mbili, kubonyea kunapungua nusu tu: milimita 11.4. Ukiongeza kimo kutoka 200 hadi 300, mbao imezidi kwa nusu tu, na kubonyea kunashuka hadi chini ya 7. Fundi mwenzangu alipendekeza kipande kimoja kirefu kisichokatwa juu ya nguzo. Wazo zuri pande zikilingana. Kwa 3.6 na 1.2, ncha ya upande mfupi ingetaka kunyanyuka kwa nguvu ya kilo 340 hivi, na nguzo ingebeba karibu kilo 2,850. Tukabaki na vipande viwili.

Habari ya msingi sitairefusha. Sakafu ya zege ya chini haikumwagwa ibebe nguzo, kwa hiyo tulivunja, tukachimba na kumwaga zege jipya la sentimita 60 kwa 60, kisha tukaliacha likomae.

Siku ya kubadilisha tulisimamisha tegemeo za muda pande zote mbili za boriti, kwa sababu mbao za sakafu zilitoka huku na huku. Mbao moja ililala chini, nyingine juu, na nguzo fupi kati yake kila sentimita 60. Halafu jeki, robo mzunguko kwa zamu. Hapa ndipo watu huharibu: wakisikia mbao inalia wanadhani bado, wanaendelea kupandisha, na lipu ya juu inapasuka. Sisi tulishika msumeno wa chuma. Kila baada ya mzunguko, fundi alijaribu kupenyeza ubavu wake kati ya kichwa cha nguzo na boriti. Ukagoma. Ukagoma tena. Kisha ukaingia kidogo, ukakwama kwenye kifundo, robo nyingine, ukapita hadi upande wa pili bila kusukumwa. Tukaziacha jeki hapohapo. Nguzo ilitoka kwa kusukumwa na bega.

Boriti mpya ndefu, ya kimo cha milimita 300 na kilo 70 hivi, tuliilaza kila ncha kwenye milimita 100 kamili za kukalia, bila kabari laini. Tuliposhusha jeki, uzi uliovutwa ncha hadi ncha ulionyesha milimita 1 na ushee katikati, sakafu ikiwa tupu.

Na bado kuna jambo linanitekenya. Kwa kimo cha milimita 250 mkazo ndani ya mbao ungekuwa nyutoni 7.8 kwa kila milimita ya mraba dhidi ya 7.5 tuliouruhusu kwa C24, daraja la nguvu la mbao yetu, na kubonyea milimita 11.7. Lakini hesabu ile inatumia ugumu wa chini kabisa wa mbao. Kwa ugumu wa wastani ingebonyea 7.8 tu. Mbao ile pia haikuwa na vifundo vibaya. Mwenye nyumba, ambaye ni mrefu, hunikumbusha zile sentimita 5 kila tukikutana. Sijawahi kumwambia kwamba kwa mkazo boriti ya 250 ingezidi kikomo kwa asilimia 4 tu.