Acheni mubirizi itoe maua

Hapa Bukavu muti ya mubirizi kila mtu anaijua kwa uchungu yake, mtoto akiumwa tumbo mama anaenda nyuma ya nyumba anachuma majani anaponda na maji basi, lakini uliza watu maua yake iko namna gani wengi wananyamaza, juu tunaikatakata kila wakati na haipate nafasi ya kuchanua. Naona ni hasara kubwa kabisa. Ile muti iko familia moja na alizeti na pareto, wataalam waliizoea kwa jina Vernonia amygdalina, siku hizi wanaandika Gymnanthemum amygdalinum, na ikiachwa ikomae inatoa vichwa vidogo vidogo vya maua meupe, mingi mingi kwenye ncha za matawi, harufu yake tamu sana, na nyuki wanajaa pale asubuhi mpaka unasikia sauti yao ukipita.

Kuipanda haiombe feza. Mbegu ziko, nyepesi na nywele za kubebwa na upepo, lakini zinaota kwa shida, njo maana kila mtu anatumia kijiti. Mvua ikirudi mwezi wa tisa, omba jirani tawi yenye imeshakomaa, siyo ile ncha laini ya kijani, kata vipande vya sentimita 30 hivi, unene wa kidole gumba, unavichomeka kwa udongo vikiwa vimelala kidogo upande, macho mawili ama matatu (pale majani inatokeaka) yabakie chini. Angalia usivigeuze, upande wenye ulikuwa chini kwa muti ubakie chini! Udongo mbaya inavumilia, jua inaipenda, lakini maji yenye kutuama haiipendi. Ukipanda mwezi wa tano jua kali ya kiangazi itakuta mizizi haijashika na utakuwa na kazi ya kumwangilia mpaka mvua irudi.

Ukiiacha inapanda mita 2 mpaka 5, na miaka mingi inabakia pale pale. Kwa hiyo kukata ni lazima, hiyo sikatai, na ukikata inatoa matawi mengi zaidi. Lakini maua yanatokea kwa ncha, sasa ukipunguza ncha zote kila mwezi maua itatoka wapi? Kama ni lupango (uzio) ya mubirizi, kata nusu yake, nusu ingine uiache mpaka maua iishe, kisha ubadilishe. Matawi ya kukatwa mbuzi wanakula majani, na yenye inabakia unaitandika chini ya migomba.

Kwa parseli za mtelemko hapa Bukavu, Kadutu, Panzi, Bagira, ningependa kuona mistari ya mubirizi kila mahali, imepandwa kukata mtelemko, siyo kushuka nayo. Inapunguza mbio ya maji ya mvua na udongo inabakia kidogo. Kilima nzima ikishuka haitazuia, tusidanganyane, lakini ile udongo ya juu yenye kuenda kila siku mpaka ziwani, hiyo inasaidia.

Na kuhusu dawa kuna jambo moja naipenda sana. Mwaka 1987 kule Mahale, Tanzania, kando ya Tanganyika (maji ya ziwa yetu Kivu inashuka na mto Ruzizi mpaka kule), mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtanzania mwenye kujua miti ya dawa, walimuona sokwe mtu jike mgonjwa anavunja tawi ya hii muti, anatoa majani na ganda anatupa, anatafuna moyo wa ndani na kunywa uchungu yake, na kesho yake akawa na nguvu. Majani yenyewe aliyatupa! Sisi tunaponda majani tena kikombe mzima, na kwa mtoto mdogo naogopa. Homa ikishika, peleka mtoto apimwe malaria kwanza, na mama mwenye mimba aulize munganga wa hospitali mbele ya kuinywa. Wakameruni wao wanaila kama mboga, ndolé, lakini wanayachemsha na kuyaosha sana mpaka uchungu inapungua, kisha wanapika na karanga.

Mwenye anajenga sasa na anataka kungoa mubirizi ya zamani ili aweke ukuta, tafadhali, mbele ya kungoa kata vijiti ugawie majirani, vikiwa kivulini na gunia yenye maji maji vinaweza kungoja siku chache.