Siku moja kibandani, homa ikiwa juu

Saa kumi na moja alfajiri niliamka hotelini Arusha nikitetemeka, na mwanzoni niliulaumu mwezi wa Julai, ambapo mawingu ya Meru hutanda juu ya mji hata mchana. Hata hivyo, baridi ya Arusha haiumizi viungo wala haikaushi mdomo. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa kazini Kigoma, mkoa ambao malaria bado ni nyingi, na mtu aliyeambukizwa huweza kukaa siku 7 hadi 30 kabla ya homa kujitokeza. Nilimeza parasetamo, nikanywa chai ya rangi, kisha nikapitia tena istilahi za mkutano.

Saa mbili asubuhi nilikuwa ukumbini. Mimi ni mkalimani, na kazi ya siku hiyo ilikuwa ukalimani wa papo kwa papo, kati ya Kiingereza na Kiswahili, katika mkutano wa wataalamu wa mifugo wa ukanda huu kuhusu sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huo umewekewa lengo la kutokomezwa duniani ifikapo 2030, baada ya sotoka ya ng'ombe kutangazwa kuwa imetokomezwa mwaka 2011. Kibandani, yaani katika chumba kidogo cha wakalimani ukumbini, huwa tuko wawili na hupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa akili inayosikiliza na kusema kwa wakati mmoja huchoka upesi na huanza kukosea kabla mwenyewe hajatambua. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuvaa vipokea sauti nilimweleza mwenzangu, mtu wa Bujumbura mwenye uzoefu mkubwa.

"Kaka, leo siko sawa kiafya. Ukisikia nimeruka tarakimu, washa maikrofoni yako, usiningoje."

"Pole sana, dada. Basi niachie mimi mada zenye takwimu, wewe uchukue majadiliano."

Ulikuwa mgawanyo wa busara. Katika majadiliano watu hurudia hoja zao, na neno moja likipotea, linalofuata hulifidia. Tarakimu ikipotea haina wa kuifidia. Saa nne asubuhi mtoa mada mmoja alisoma hotuba yake mbio bila kutupatia nakala, jambo ambalo wakalimani tumelilalamikia miaka nenda miaka rudi, na mwenzangu akaibeba yote huku mimi nikimwandikia namba kwenye karatasi. Humo nilisikia kwamba dozi moja ya chanjo humkinga mbuzi kwa miaka isiyopungua 3, nami nikamwonea wivu mbuzi.

Saa saba mchana wenzangu walipokwenda kula, mimi nilikwenda zahanati iliyokuwa jirani. Kijana wa maabara alinisalimu, "Shikamoo, mama," akanitoboa kidole, na haikuchukua hata nusu saa kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Tabibu aliniandikia dawa ya mseto: vidonge 4 vya kwanza palepale, 4 vingine baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 2 zinazofuata, jumla 24, tena vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uipokee dawa vizuri. Nilivimeza saa nane kamili kwa maziwa, ingawa sikuwa na hamu ya kitu chochote.

Alasiri sikurudi kwenye maikrofoni. Mkalimani wa kibanda cha Kifaransa anayefanya kazi pia kwa Kiswahili alikubali kuingia nafasi yangu, na hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu waandaaji walikuwa wamepanga watu wawili tu kwa siku nzima. Naona mkutano wa saa nyingi namna ile unastahili watu watatu, hata kama wote ni wazima. Kuna wenzetu wanaosifu kuvumilia, lakini mjumbe aliyeko ukumbini hajui kwamba sauti anayoitegemea ina homa.

Saa kumi na mbili jioni kulikuwa na tafrija ya wajumbe, ambayo niliiacha bila majuto. Kilichonisumbua ni Nairobi, ambako nilitarajiwa kesho yake kwa gari kupitia Namanga kwa ajili ya mkutano mwingine. Sisi tunaojiajiri hatuna likizo ya ugonjwa. Usipofanya kazi hulipwi. Nilimpigia mkalimani kijana anayeishi hukohuko, nikamtumia istilahi zote pamoja na ratiba, kisha nikamfahamisha mwandaaji. Naye aliuliza kama ningeweza kufanya angalau kikao cha ufunguzi kwa njia ya mtandao.

Saa nne usiku, baada ya kumeza dozi ya pili, nilimjibu kwamba sitaweza, kwamba cheti cha tabibu nitakituma asubuhi, na kwamba malipo yote yaandikwe kwa jina la aliyechukua nafasi yangu.