Nilivyoimarisha giaboksi ya otomatiki ya Land Cruiser yangu hapa Dodoma

Kazi yangu ni visima. Nina Land Cruiser 80 ya injini ya 1HD-FT, otomatiki, na nyuma yake navuta kompresa kwenda Bahi, Kondoa, na mara nyingi barabara ya Iringa, ambako ukishapita Mtera unakutana na mlima wa Nyang'oro. Injini hiyo ya lita 4.2 ilitoka kiwandani na tabo bila intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo. Nikafunga intakula, fundi pampu akaongeza dizeli, gari likapata nguvu. Mzigo ukahamia kwenye giaboksi.

Wengi watakwambia uing'oe uweke ya kukanyaga klachi. Sikubaliani nao. A442F, giaboksi ya gari hili, ni ngumu, ila imepangwa kwa nguvu za kiwandani. Kinachosalimu amri kwanza ni klachi ndogo iliyo ndani ya toki konveta, kifaa kilicho kati ya injini na giaboksi. Konveta hupitisha nguvu kwa oili, na oili ikichapwa sana hutoa joto. Klachi hiyo ikibana, shafti inayoingia giaboksi huzunguka sawa na injini na joto hushuka. Nguvu ikiizidi presha ya oili inayoibana, inateleza. Mlimani nilikuwa naona mshale wa mizunguko ya injini unapanda, mwendo palepale. Nikichomoa kijiti cha kupimia, oili ni ya kahawia na inanuka kama maharage yaliyoshika sufuria.

Tulianza na geji ya joto. Fundi, kijana wa Kizota, aliiweka sensa kwenye bomba linalotoa oili kwenda kwenye rejeta, maana hapo ina moto kuliko kwenye sampu, karai la oili chini ya giaboksi. Taa ya dashibodi siiamini kabisa: ikiwaka, oili imeshaungua. Kwa mzigo wangu geji ilivuka nyuzi 120, na mimi naitaka chini ya 100.

Kikafuata kipoza oili kikubwa chenye feni yake. Rejeta hatukuiruka, oili inapita kwenye rejeta kwanza, halafu kwenye kipoza. Alfajiri ya Julai Dodoma ina baridi ya kutosha, na rejeta huisaidia oili kupata moto.

Kazi hasa ilikuwa valvu bodi, sehemu inayogawa presha ya oili na kubadili gia. Ukiifungua unakuta bamba la aluminiamu lenye vijia vinavyopindapinda, na ndani yake vigololi ambavyo kimoja kikihama mahali pake gia zinavurugika. Fundi alipiga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, na wakati wa kurudisha alivishika vigololi kwa grisi visidondoke. Springi ngumu zaidi tuliagiza Australia, ambako wenye magari haya wanavuta karavani nzito, matrela ya kulala, na wameshayajaribu mengi. Presha ikapanda. Konveta ilikwenda Dar: ikakatwa, ikawekwa klachi yenye uwezo zaidi, ikachomelewa na kufanyiwa balansi. Usinunue konveta ya mtumba kwa kazi hii, maana itakuwa na udhaifu uleule uliokupeleka gereji.

Kuna waya wa kuvuta, si wa umeme, unaotoka giaboksi hadi kwenye mkono wa pampu ya dizeli. Ndio unaoiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani, na presha inaufuata. Ukilegea, springi zote za Australia hazikusaidii. Urekebishe kwanza, kabla hujatoa hela nyingine.

Oili ya giaboksi ni ya aina ya Dexron III. Ukimwaga sampu tu haitoki hata nusu, kwa hiyo tulichomoa hosi ya kipoza, injini ikasukuma ya zamani nje huku tukijaza mpya, mpaka ikatoka nyekundu safi.

Mwisho tukafunga swichi ya kuibana klachi ya konveta nikiwa gia ya tatu mlimani. Lazima uizime kabla ya kusimama, la sivyo injini inazimika. Sasa Nyang'oro naipanda na kompresa, geji inazunguka kwenye 95. Gia ya kwanza kwenda ya pili inagonga kidogo. Mama watoto analalamika kila tukienda sokoni Majengo, na fundi alijitolea kuilainisha. Nimekataa.