Ni Amri au Ushauri?

Jana nilipokuwa namrudisha binti yangu kutoka madrasa, aliniuliza akiwa kiti cha nyuma: "Mama, umewahi kumdanganya mtu?" Ustadhi alikuwa amewasomesha habari za uongo. Nikamwambia tufike kwanza nyumbani. Tulipofika nikampakulia, akala, akalala. Mimi nikabaki jikoni na sufuria ya maharage na swali lake.

Ilikuwa Agosti 2021, enzi zile za zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, hapa hapa Virginia. Mwenzangu wa zamu alikuwa yule dada wa Kabul, aliyenizoesha kutia iliki kwenye chai ya kijani. Kaka yake alikuwa mkalimani wa jeshi la Marekani kwa miaka, na ombi lake la viza lilikuwa limelala kwenye makaratasi. Taliban walipoingia Kabul, Jumapili ya tarehe 15, dada wa watu hakulia. Aliniambia tu, "Wewe umezoea kukesha. Nisaidie kukesha."

Kabul iko mbele yetu kwa saa nane na nusu, kwa hiyo usiku wetu ndio uliokuwa mchana wao. Akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu ambao wengi wao mpaka leo sijawaona kwa macho: wanajeshi wastaafu, walimu, kinamama wa kanisa fulani, kijana mmoja aliyekuwa akituwekea kwenye ramani vizuizi vya Taliban njia nzima ya uwanja wa ndege. Kila mtu na familia yake. Mimi nilikabidhiwa hiyo ya kaka mtu: baba, mama na watoto watatu. Sikuwa na cheo wala sauti kokote. Kazi yangu ilikuwa kuuliza: maji mnayo? Simu ina chaji kiasi gani? Mdogo amekula?

Walisimama karibu na Abbey Gate, lango la uwanja wa ndege wa Kabul ambako Marekani ilikuwa ikiwatoa watu kwa ndege, siku nzima na usiku wake, ndani ya mfereji wa maji machafu yaliyowafika magotini. Karatasi zao walizifunga kwenye mfuko wa plastiki, wakawa wanapokezana kuuinua juu.

Jumatano tarehe 25, jioni kwetu, nilikuwa chumba cha kufulia. Mashuka yalikuwa yanazunguka kwenye mashine ya kukaushia, ule mzunguko wa mwisho unaotoa joto la kufanya mtu asinzie. Simu ikatetemeka. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umetoa tahadhari: walio kwenye malango, Abbey likiwemo, waondoke mara moja. Mratibu wetu, mwanajeshi mstaafu, akaandika neno moja kwa wote: waondoeni.

Dada mtu alisoma tangazo lile begani kwangu. Akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Mwambie wewe," alisema. "Mimi akinisikia sauti atajua naogopa, atabishana nami."

Nikaandika. Jibu likaja: "Dada, mbele yetu wamebaki watu kumi na wanne. Nimewahesabu mara tatu."

Nikaandika tena: ondokeni, kuna hatari.

Kimya. Kisha akauliza: "Ni amri au ushauri?"

Swali lile naliona mpaka leo, lilivyokaa peke yake kwenye kioo. Mtu aliyekaa na wanajeshi miaka yote ile alikuwa anajua tofauti. Ushauri angeupima. Angewapima watu kumi na wanne, angewapima na wanawe, angebaki. Mimi ni nani wa kumpa amri mtu? Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nambadilisha nguo bibi wa chumba cha mwisho. Mashine ya mashuka ikalia kuonyesha imemaliza, na dada mtu akawa ananitazama vidole.

Nikaandika: "Ni amri."

Baada ya muda akajibu: "Sawa. Tunatoka. Nafasi yetu nimempa baba mmoja aliyekuwa nyuma yetu na binti yake."

Wakati ule niliisoma sentensi hiyo kama nisomavyo habari ya kawaida. Nikakunja mashuka.

Mshambuliaji alijilipua palepale langoni siku iliyofuata, jioni ya Kabul. Kwetu ilikuwa saa 3 na dakika chache asubuhi, nimetoka zamu, niko kituo cha basi. Waliuawa wanajeshi 13 wa Marekani na Waafghani wapatao 170. Ujumbe wake ulikuja kabla sijaweza kupiga: "Tuko kwa shangazi. Tumesikia kishindo." Nilikaa chini pale pale, kwenye zege.

Ndege ya mwisho ya Marekani iliondoka usiku wa tarehe 30, wao bado wako kwa shangazi. Watu zaidi ya 120,000 walitolewa, na hawa watano hawakuwamo. Yaliyofuata ni marefu: mpaka wa Torkham wa kuingilia Pakistan, chumba cha kupanga Islamabad, viza, usaili, viza tena. Walitua Dulles, uwanja wa ndege wa hapa Virginia, mwaka 2023. Kundi letu lilikuwa limepungua, lakini kinamama wa kanisa walikuja na makoti ya watoto, nami nikaja na chupa ya chai.

Kwenye gari kaka mtu alikaa mbele, pembeni yangu. Hakuuliza kama ile ilikuwa amri kweli. Nafikiri aliijua zamani. Alisema tu, akitazama barabara: "Yule binti alikuwa na viatu vya njano. Nilimnyanyua mwenyewe nikamsogeza mbele, ili baba yake asipoteze nafasi."

Kila Agosti 26 hunipigia simu. Ananiuliza hali, namuuliza watoto na shule, na kabla ya kukata kunakuwa na kimya ambacho hakuna kati yetu anayekivunja.

Binti yangu ataniuliza tena kesho, namjua. Nitamjibu ndiyo. Ila ustadhi amewafundisha pia kwamba aliyedanganya huomba radhi, na hapo ataniuliza kama niliomba, na kwa nani.