Saa Saba za Tiketi ya Mama

Januari 2019, siku moja kabla ya safari, mama aliisogeza tiketi karibu na taa akaisoma mara mbili. Kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. Akahesabu kwa vidole: saa tano usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. "Kumbe ni saa saba tu, mwanangu. Kidonge cha presha nitaendelea kumeza saa mbili usiku kama kawaida."

Hapo ndipo nilipovuta kiti. Tiketi huandika kila saa kwa majira ya mji wenyewe. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo kwenye zile saba unaongeza nane: safari ni saa 15. (Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa 7. Sisi hatugusi zetu.) Na saa mbili usiku ya New York ni saa kumi alfajiri ya Nairobi. Angekaa saa 32 bila dawa.

Hakuridhika. Ndege inakimbia hivyo, saa 15 za nini? Nikaleta tufe la shule na uzi, nikaukaza kutoka mji hadi mji. Ukipimia kwenye ramani ya ukutani utapotea, kwa sababu dunia ni mviringo. Kwenye tufe uzi ulipanda kaskazini-magharibi: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Algeria, Morocco, kisha Atlantiki. Ni kama kilomita 11,840. Boeing 787 hukata takriban kilomita 900 kwa saa, na kwa mwendo huo ingetumia saa 13 na kidogo. Lakini huko juu upepo huvuma sana kutoka magharibi. Ukikupiga usoni kwa kilomita 80 kwa saa, unabaki na 820, na safari inafika saa 14 na nusu hivi. Ongeza kutambaa uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua. Kurudi, upepo huohuo hukusukuma, ndiyo maana ratiba ya kurudi ni fupi.

Usiku nao una maana. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na mchana joto huizidisha wepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya kuvuka bahari huhitaji hewa ya baridi ili inyanyuke vizuri.

Tukampigia daktari wake, akasema afuate saa ya Nairobi kwa siku za mwanzo. Mama alimeza kidonge saa mbili usiku kabla hatujatoka nyumbani, na saa yake ya mkononi hakuigeuza. Kesho yake aliponipigia ilikuwa saa mbili usiku kwangu. Alikuwa amekwisha kukimeza, na kwake jua lilikuwa la adhuhuri.