Spea ya IST kwenye Probox: ipi inaingia, ipi inadanganya

Wenye IST na Probox za mchomoko (gari ndogo za kubeba abiria) hapa Mwanza, tuelewane. Toyota iliijenga Vitz ya 1999, Platz, kisha IST na Probox za 2002 juu ya msingi mmoja. Ndiyo maana rimu za 4x100 (nati nne kwenye duara la milimita 100) zinahama gari hadi gari, na spea za injini ya 1NZ (cc 1497) zinaingiliana: plagi, filta ya oili, wotapampu.

Vitz ya chesisi SCP10 iacheni pembeni. Ina injini ya 1SZ ya cc 997, usilazimishe kitu.

Shokapu ndiyo inawaliza wengi, hasa wanaopanda mawe ya Mabatini na Igogo. Probox ni gari la mzigo. Fundi akikufungia ya IST kwa sababu "imekubali", ukipakia sato nyuma gari linalala na shokapu inavuja mapema. Hapo lawama hupewa barabara!

Dukani taja chesisi: NCP61 ni IST ya 1.5, NCP51 ni Probox. Kisha laza shokapu ya zamani na mpya sambamba juu ya kaunta. Linganisha urefu, unene wa fimbo, kikombe cha springi. Zikipishana, rudisha hapohapo kabla fundi hajaishika.