Kidude kimenitia presha ya bure

Leo nusura niache chai mezani. Dozimita yangu ya elektroniki, kidude cha kupimia mionzi ninayopata kazini, imeanza kulia pii-pii-pii, wenzangu wote wakageuka. Natazama kioo, namba inapanda, na chumba cha eksirei kiko korido ya pili kabisa! Kumbe simu nilikuwa nimeichomeka mfuko uleule wa kifuani. Nilipopigiwa tu, mawimbi yake yakaivuruga. Nikahamishia simu mfuko wa suruali, kimya.

Ile dozi ya uongo nimeiandika daftarini pamoja na sababu yake, maana mwisho wa mwezi lazima mtu aulize. Beji ya kawaida, ile ya kusomwa maabara, haina makelele, ila nayo haikwambii kitu hapo hapo. Hiki kidude unaona maikrosiveti, yaani vipimo vya dozi ya mionzi, zikiongezeka ukiwa bado thieta, unarudi hatua moja nyuma. Kikomo chetu ni milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5.

Jioni nimefungua sehemu ya betri: springi imeota kutu ya kijani. Nimeifuta kwa pamba yenye spiriti kidogo, nikatia betri mpya. Na aliyeitumbukiza dozimita kwenye dawa ya kuua vijidudu wiki iliyopita eti "anaisafisha", namjua. Chapati za kesho ni juu yake.